"Utazoea tu" na mengine tunayoambiwa sisi tunaokaa mbali na kazi

Nakaa Chanika, Dar es Salaam, ofisi yangu iko Posta. Gari la kwanza hadi Gongo la Mboto, la pili hadi mjini. Kwenda na kurudi nakaa barabarani jumla ya saa 4. Ushauri niliopewa ni mwingi, na mwingine umeniumiza.

Dhana: Utazoea.
Mwili huzoea kudamka. Foleni haizoeleki kwa sababu haitabiriki: leo TAZARA unapita kwa dakika 5, kesho unakwama 40, na roho iko juu kila ukitazama saa. Utafiti uliofanyika Texas, Marekani, na kuchapishwa 2004 uliwauliza wanawake 909 walioajiriwa walivyojisikia katika kila shughuli ya siku. Safari ya asubuhi kwenda kazini ilishika mkia, chini hata ya kazi yenyewe. Kwa hiyo anayechoshwa na safari baada ya miaka mitano si mlegevu.

Dhana: Usinywe maji asubuhi, utasumbuka njiani.
Hili wanawake tunaambiana kituoni, kwa nia njema kabisa. Mimi nililifuata zaidi ya mwaka: sigusi maji tangu alfajiri hadi saa nne asubuhi. Kichwa hakikuacha kuuma, na UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, ikawa inapona na kurudi. Mkojo mchache unaokaa muda mrefu kibofuni huwapa bakteria nafasi ya kuzaliana. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa wanawake 140 waliokuwa wakinywa maji kidogo na kusumbuliwa na UTI ya kujirudia. Walioongeza lita 1.5 kwa siku kwa mwaka mzima walipata maambukizi karibu nusu ya wenzao. Siku hizi nakunywa glasi mbili mara tu nikiamka, najisaidia kabla ya kutoka, nakunywa tena nikifika. Na pale ninapobadilisha gari nimeshajua choo cha kulipia kilipo. Ukiona homa au damu kwenye mkojo, dada yangu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Dhana: Usingizi wa kwenye daladala unafidia.
Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Ukilala saa tano usiku na kuamka saa kumi, umepata 5 tu, na kusinzia huku konda akigonga bodi kila kituo hakukufikishi kwenye usingizi mzito. Dakika 20 zitakuchangamsha, basi. Dawa ni kuwahi kitandani, hata kama vyombo vitalala bila kuoshwa.

Dhana: Kugeuza na gari ni kutupa hela.
Kugeuza ni kupanda gari likiwa bado linaelekea mwisho wa njia, ukabaki ndani hadi ligeuze. Unalipa nauli mara mbili, kweli. Lakini unapata siti, na siku ambayo mgongo unauma siti ina thamani kuliko hiyo nauli.

Dhana: Nunua gari lako.
Litasimama kwenye foleni ile ile, na wewe ndiye utakuwa umeshika usukani. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, kilichookoa muda ni kuwa na njia yao ya peke yao.

Dhana: Bosi hawezi kuelewa.
Nilipiga hesabu: saa 4 kwa siku 5, kwa wiki 48, ni saa 960, yaani siku 40 kamili, mchana na usiku. Nikamwonyesha msimamizi wangu, nikaomba siku mbili za kufanyia kazi nyumbani. Alinipa moja. Ijumaa naandika ripoti sebuleni, na mwanangu akitoka shule ananikuta.