Hadhi ya "dawa yatima" si kibali cha matibabu

Wazazi wa watoto waliozaliwa na upungufu mkubwa wa kinga huniletea habari ileile kwenye simu: tiba fulani ya jeni, yaani inayorekebisha kasoro ya jeni ndani ya seli za mtoto mwenyewe, "imepewa hadhi ya dawa yatima". Wanaamini imeshapitishwa, kilichobaki ni barua ya rufaa na nauli. Sivyo, na imani hii inawapotezea muda ambao mtoto hana.

Hadhi hiyo, inayotolewa kwa dawa za magonjwa adimu, hutolewa mapema sana, pengine kwa matokeo ya wanyama tu. Kikubwa kinachotazamwa ni uchache wa wagonjwa. Marekani, kwa sheria ya 1983, wawe chini ya 200,000. Ulaya, wasizidi 5 kwa kila watu 10,000. Mtengenezaji hupunguziwa ada na, dawa ikija kuidhinishwa, hulindiwa soko miaka 7 Marekani au 10 Ulaya. Mgonjwa bado hajapata kitu. Strimvelis, tiba ya jeni ya ADA-SCID (aina mojawapo ya upungufu mkubwa wa kinga), ilipata hadhi hiyo Ulaya mwaka 2005, ikaidhinishwa 2016. Hesabu wenyewe ni watoto wangapi wangeweza kusubiri. OTL-101, ya ugonjwa huohuo, nayo ilikuwa na hadhi. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha watoto wote 50 wakiwa hai, 48 kati yao kinga imerudi. Hata hivyo, kampuni iliyokuwa nayo iliacha kuiwekezea. Kwa hiyo msiniulize kama ina hadhi. Niulizeni imeidhinishwa wapi, na leo hii ni hospitali gani inaitoa.

Wengine hudhani hadhi hushusha bei. Strimvelis ilianza kuuzwa kwa euro 594,000, na kwa kuwa seli zake zilidumu saa chache tu baada ya kutengenezwa, mtoto alilazimika kupelekwa Milan.

Je, wajukuu watarithi jeni iliyorekebishwa? Hapana. Kinachorekebishwa ni seli shina za damu, zile zinazozalisha chembe za damu. Mayai na mbegu za uzazi haviguswi.

Na wanaosema tiba ya jeni haina madhara wakumbuke majaribio ya Paris yaliyoanza 1999, ya X-SCID, aina nyingine ya upungufu huo: baadhi ya watoto walipata saratani ya damu, kwa sababu virusi vilivyobeba jeni vilijipachika karibu na jeni ya LMO2, inayoweza kuchochea saratani. Vibebeo vya sasa vimeboreshwa, lakini ufuatiliaji ni wa miaka mingi. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja mwenye uboho unaooana, wa kumpandikizia mtoto, bado ndiye wa kwanza kutafutwa.

Familia iliyowahi kufiwa na kichanga kwa maambukizi yasiyoisha imwambie mkunga kabla ya kujifungua: BCG isubiri vipimo, maana ni chanjo ya bakteria hai. Kisha ombeni hesabu kamili ya damu, na msomewe idadi ya limfosaiti (chembe nyeupe za kinga) yenyewe, si jumla ya chembe nyeupe. Kichanga mwenye limfosaiti chini ya 2,500 kwa mikrolita asirudishwe nyumbani na dawa ya kikohozi.