Zamani ipi, baba?

Juzi, kwenye kikao cha harusi hapa Tabora, mzee mmoja ninayemheshimu aliniambia tena kwamba zamani mwanamume alikuwa mwanamume, na kwamba sisi tunaosoma uanaume ndio tunaouvuruga. Nilimjibu, "Sawa, baba," kwa kuwa kikao kilikuwa cha michango, si cha mihadhara. Jibu lenyewe ni hili.

Zamani ipi? Katika karne ya 19, kijana wa Kinyamwezi alijipatia heshima kwa kwenda pwani na kurudi, akiwa mpagazi, yaani mbeba mizigo wa misafara, na mzigo wa frasila mbili hivi (kama kilo 32) begani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mizigo ya biashara ilihamia kwenye mabehewa, na heshima ikalazimika kutafutwa kwingine. Basi, uanaume wa kale tunaoambiwa tuurejeshe ni ule wa mpagazi au wa yule aliyekuja baada yake?

Hata hivyo, sina uhakika na ushahidi wangu kama ninavyojifanya darasani. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita hapa mwaka 1857, ndiye aliyeandika kwamba Wanyamwezi waliuona upagazi kuwa kipimo cha uanaume. Lakini je, hilo lilikuwa neno la wapagazi, au la Mwingereza aliyezoea kupima wanaume? Wanawake nao walikuwamo katika misafara hiyo, na baadhi yao walibeba mizigo, jambo linaloharibu kipimo hicho vizuri kabisa.

Wanasaikolojia nitawapitia upesi: mwaka 1974 Sandra Bem alipima sifa za kiume na za kike kwa mizani mbili, hivyo mtu mmoja aliweza kupata alama za juu katika zote.

Kinachonikera zaidi ni matumizi ya dhana ya uanaume tawala, iliyoenezwa na mwanasosholojia Raewyn Connell. Wanafunzi wangu huigeuza kuwa aina ya mtu: mkali, mlevi, asiyelia. Sivyo. Ni nafasi katika mahusiano, ambayo huwaweka wanaume juu ya wanawake na baadhi ya wanaume juu ya wenzao, na ambayo wengi huiunga mkono bila kuifikia. Mlevi anayepiga kelele kilabuni huenda hatawali chochote, hata kiti alichokalia. Anayetawala anaweza kuwa mwenyekiti mpole wa kikao, ambaye akikohoa tu watu hunyamaza. Connell mwenyewe, pamoja na James Messerschmidt, aliirekebisha dhana hiyo mwaka 2005, lakini tafsiri mbovu haikurekebishika.

Madaktari nao huuliza swali jingine. Majaribio yaliyofanyika Afrika Kusini, Kenya na Uganda yalionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke. Takwimu hiyo naikubali. Ila haielezi kwa nini kijana wa hapa, ambaye babu yake hakutahiriwa wala hakuonekana pungufu, leo huchekwa na wenzake bwenini kwa kutotahiriwa. Swali hilo nilitaka kumuuliza mzee wangu, lakini zamu yake ya kuahidi mchango ilikuwa imefika, na aliahidi mbuzi wawili kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.