Dripu ya ketamini kwa sonona sugu: uliza kuhusu wiki ya pili

Siku hizi haipiti wiki bila mtu kuketi mbele yangu kliniki na kuuliza, "Daktari, ile dripu ya ketamini mnayo?" Wengine wamesikia kwa jamaa aliye ng'ambo, wengine wameona video kwenye simu. Ni watu waliochoka. Kwa miezi wanaamka saa tisa usiku na usingizi haurudi, chakula hakipiti, kazi imewashinda, na vidonge walivyoandikiwa havijawainua. Swali lao nalichukulia kwa uzito, ndiyo maana jibu langu huwa refu.

Ketamini yenyewe si ngeni kwetu. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962 na mkemia Calvin Stevens, ikaidhinishwa huko kama dawa ya nusukaputi mwaka 1970. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu miaka ya 1980. Sababu ni kwamba humlaza mgonjwa wa upasuaji bila kumzimia pumzi kirahisi kama dawa nyingine za kulaza, kwa hiyo hata hospitali ndogo ya mashinani isiyo na mitambo mingi inaweza kuokoa maisha. Kilicho kipya ni kuitumia kwa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walieleza kuhusu wagonjwa wachache sana waliopewa kiasi kidogo kwa mshipa wakapata nafuu ndani ya siku tatu. Mwaka 2006 utafiti mwingine wa Marekani, wenye watu 18, ulionyesha wengi wao wakipata nafuu ndani ya siku moja. Sisi tuliozoea kumwambia mgonjwa asubiri wiki nne hadi sita, habari hiyo ilitusisimua.

Vidonge vingi vya sonona, kama fluoksetini, hushughulika na serotonini, mojawapo ya kemikali za ubongo. Ketamini hupitia njia nyingine, ile ya glutameti, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kwa wingi kupashana habari. Inaonekana kuwa huchochea miunganiko iliyofifia kati ya seli ichipuke upya.

Lakini kabla ya dripu, neno "sugu" lazima lithibitishwe. Madaktari tunaiita sonona sugu pale mgonjwa alipotumia angalau dawa mbili tofauti, kila moja kwa kipimo cha kutosha na kwa muda wa kutosha, na asipate nafuu ya maana. Kuna mama mmoja aliyeletwa na dada yake (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike). Barua yake ilisema dawa tatu zimeshindwa. Nikamwomba dada amimine juu ya meza kila kilichokuwa kwenye kiondo. Zilitoka karatasi saba za vidonge, nne hazijaguswa. Mama akainamisha kichwa akasema, "Nilikuwa nakunywa siku zile mbaya tu, daktari. Siku nzuri naona ni kama najitia sumu bure." Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba vidonge hivi hunywewa kila siku, iwe mbaya au nzuri. Tulianza upya na kidonge kilekile cha kwanza, na hakuhitaji dripu.

Sikumlaumu, na wewe usimlaumu mgonjwa wako. Wakati mwingine tatizo ni sisi: kipimo kidogo mno, tezi ya shingo isiyopimwa, upungufu wa damu, pombe ambayo hakuna aliyeiuliza, au ugonjwa wa hisia za kupanda na kushuka uliodhaniwa kuwa sonona tupu. Nyuma ya barua yenye neno "sugu" mara nyingi kuna mojawapo ya haya.

Sasa twende kwenye chumba cha dripu, kwa yule ambaye kweli dawa zimemshinda. Kipimo kilichochunguzwa zaidi ni nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito, kikipitishwa polepole kwa dakika 40. Mtu wa kilo 60 atapata miligramu 30. Chupa moja ya thieta mara nyingi ina miligramu 500, kwa hiyo muuguzi huvuta sehemu ndogo tu ya kilichomo, akaichanganya na maji ya dripu, na mwenzake akahakiki hesabu kabla mshipa haujafunguliwa. Mkanda wa presha unabaki mkononi, na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni. Baada ya kama dakika kumi mgonjwa huanza kueleza mambo ya ajabu. Mmoja aliniambia mikono yake imekuwa mirefu na sauti yangu inatoka chini ya maji. Nilimshika bega, nikamwambia yuko salama na hali hiyo itapita. Ilipita ndani ya saa moja. Presha hupanda kwa muda, na wengine huchefuka. Kwa sababu hiyo mwenye presha isiyodhibitiwa, aliyepata mshtuko wa moyo karibuni, mwenye ugonjwa wa kusikia sauti na kuona yasiyokuwepo, au mjamzito, huwa hatumpi. Kurudi nyumbani ni pamoja na msindikizaji. Bodaboda na usukani vinangoja hadi kesho, baada ya kulala vizuri.

Ninalotaka sana lieleweke ni hili: nafuu ya dripu moja huisha, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili. Ndiyo maana hutolewa kwa mfululizo, kwa mfano mara mbili kwa wiki kwa wiki tatu, na ndiyo maana kliniki isiyoweza kukujibu "baada ya hapo je?" haifai kupokea pesa zako. Siku zile ambazo akili imepata mwanya ndizo za kukaa na mshauri, kurekebisha vidonge, kurudisha usingizi na kuzungumza na familia. Bila hayo, mgonjwa huanguka tena, safari hii akiwa na deni. Na anayeitumia ovyo kwa muda mrefu anaweza kuharibu kibofu na kuishia kwenye uraibu, kwa hiyo asikudanganye mtu kukupa uitumie nyumbani peke yako.

Swali lingine la kuuliza ni idhini. Dawa ya kupuliza puani ya esketamini, ndugu wa karibu wa ketamini, iliidhinishwa Marekani kwa sonona sugu mwaka 2019. Dripu yenyewe haijaidhinishwa huko kwa sonona. Daktari huitumia kwa uamuzi wake na kwa idhini yako uliyoielewa. Muulize pia kuhusu tiba ya umeme, ambapo umeme hupitishwa kwa muda mfupi kwenye ubongo mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa. Inaogopwa kuliko inavyostahili. Utafiti mkubwa wa mwaka 2023 ulipolinganisha dripu ya ketamini na tiba ya umeme kwa wasio na dalili za kupoteza uhalisi, asilimia 55 ya waliopewa ketamini walipata nafuu ya kuridhisha na 41 ya waliopewa umeme. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya waliopata dripu hawakupata walichokitarajia.

Aliye na mawazo ya kujiua leo asingoje miadi ya dripu. Januari 2025 Mahakama Kuu hapa Nairobi ilisema kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka katiba, kwa hiyo mwambie daktari wazi bila hofu ya polisi. Mpeleke mgonjwa chumba cha dharura cha hospitali iliyo karibu, au hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari kwenye barabara ya Thika, na asiachwe peke yake njiani. Usiku, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo.