Skoa za bouling kupanda si sababu wachezaji wa siku hizi ni wakali kuliko wazee

Kuna hii kauli inarudiwa kila siku, eti skoa kubwa za bouling, ule mchezo wa kuviringisha mpira mzito kuangusha pini, zimekuwa nyingi kwa sababu wachezaji wa sasa ni wakali kuliko wa zamani. Jamani, si kweli hivyo tu! Angalieni mpira kwanza. Zamani ilikuwa mbao ngumu, kuanzia 1905 ikaja raba, halafu plastiki, miaka ya 80 yurethani (aina nyingine ya plastiki), na mwanzoni mwa miaka ya 90 ikaingia rezini, yaani plastiki yenye mshiko zaidi, ambayo ndo ilibadilisha kila kitu, maana inang'ang'ania leni (ile njia mpira unapoviringishwa) pale pakavu pasipo na mafuta na ndani ina kiini kizito chenye umbo maalum, kwa hiyo mpira unateleza mbele kisha unakata kona kwa nguvu na kuzipiga pini kwa pembe nzuri zaidi.

Halafu mafuta yanayopakwa kwenye leni. Wengi wanadhani leni imepakwa sawasawa kote, hapana. Mwanzoni yalikuwa ya kulinda mbao tu, ila siku hizi mashine inapaka mengi katikati na kidogo sana pembeni, sasa ukikosea ukarusha nje kidogo mpira unakuta pakavu unarudi wenyewe, ukikosea ndani unateleza na bado unafika palepale kwenye pini. Hapo leni imekusaidia bwana. Ndo maana mashindano makubwa hutumia mipako inayokaribiana unene kote, na mtu mwenye wastani wa alama 210 kwa mchezo kwenye leni za kawaida anaweza kushuka vibaya mno.