Pesa Ipo Mkononi, Deni Bado Lipo: Kulipa Kadi ya Mkopo kwa Fedha Taslimu Marekani

Asubuhi moja ya baridi kali, mama mmoja msusi aliingia ofisini kwetu hapa Louisville, Kentucky, akiwa na bahasha ya kaki aliyoifunga kwa mpira wa nywele. Ndani mlikuwa na dola 1,840, nyingi zikiwa noti za ishirini. Sehemu ilikuwa zamu yake ya upatu, ule ambao wengine wanauita mchezo, chama au likelemba, na iliyobaki ilikuwa malipo ya wateja wake wa wiki tatu. Alikuwa ameshazunguka benki mbili na duka moja la nguo akitafuta pa kulipia kadi yake ya mkopo, na kote alirudishwa. Akaniuliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi katika kazi hii ya kushauri watu kuhusu madeni: "Kaka, pesa ni yangu, deni ni langu, mbona hawataki kupokea?"

Wengi wetu tumekulia karibu na duka la mtaa. Unakopa unga na sukari, mwenye duka anaandika kwenye daftari. Mwisho wa mwezi unakwenda na noti zako, anazihesabu mbele ya macho yako, anapiga mstari juu ya jina lako, mmemalizana. Kulipa na kufutiwa deni vinafanyika kwa wakati mmoja. Kadi ya mkopo imetenganisha mambo hayo mawili, na katikati yake pana siku kadhaa, mashine, watu usiowajua na sanduku la posta la mji mwingine. Siku pesa ilipotoka mkononi mwako haihesabiwi. Inahesabiwa siku ilipoandikwa kwenye akaunti yako. Karibu kila tatizo la kulipa kwa taslimu ninaloletewa linatokea katika nafasi hiyo ya katikati.

Tuanze na kule kurudishwa. Kadi ya mama yule ilikuwa na jina la duka la nguo, kwa hiyo alienda dukani. Lakini aliyemkopesha si duka. Ni benki iliyoko jimbo jingine, isiyo na tawi hata moja mjini kwetu, na jina lake limeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya kadi na chini ya bili. Yapo maduka yanayopokea malipo ya kadi zao kwa taslimu, na yapo yasiyopokea. Benki mbili alizoingia hazikuwa na uhusiano wowote na deni lake, kwa hiyo keshia hakuwa na pa kuiandika pesa hiyo hata kama angetaka kumsaidia.

Alinitolea noti moja, akanionyesha kwa kidole maneno yanayosema kwamba ni fedha halali kwa madeni yote, ya umma na ya binafsi. Maneno hayo ni ya kweli, yamo katika sheria. Hata hivyo kanuni za shirikisho kuhusu kadi zinamruhusu mkopeshaji kuweka masharti ya haki ya namna ya kumlipa, na ufafanuzi rasmi wa kanuni hizo unataja waziwazi kwamba anaweza kutaka malipo ya posta yaje kwa hundi au mani oda tu, ile hati ya malipo unayoinunua kwa taslimu. Kwa hiyo kubishana dirishani kuhusu maandishi ya noti kutakumalizia mchana wako bure, na tarehe ya mwisho inazidi kusogea.

Ikiwa benki iliyokupa kadi ina tawi karibu nawe na tawi hilo linapokea malipo ya kadi, una bahati. Pesa uliyompa keshia kabla ya kufunga inapaswa kuhesabiwa kuwa imefika siku hiyohiyo. Nenda na kadi yenyewe na kitambulisho, na usiondoke dirishani kabla ya kusoma risiti. Iwe na tarehe, kiasi, tarakimu nne za mwisho za kadi yako, na neno linaloonyesha kwamba ni malipo ya kadi. Nimewahi kushika risiti ya kijana aliyeambiwa na keshia kwamba mambo yako sawa, kumbe pesa yote ilikuwa imeingizwa kwenye akaunti yake ya akiba. Deni lilibaki palepale, na ada ya kuchelewa ikaongezeka juu yake. Angeisoma risiti ile palepale, lingerekebishwa kwa dakika mbili.

Noti usizitie kwenye bahasha ukazituma kwa posta, hata kama bili imekuja na bahasha ya kurudishia. Zikipotea hakuna wa kukurudishia.

Mama yule tulimpeleka posta kununua mani oda. Posta ya Marekani inauza mani oda ya ndani ya nchi isiyozidi dola 1,000 kila moja, kwa ada ndogo, kwa hiyo deni lake lilihitaji mbili. Andika jina la benki kama lilivyo kwenye bili, jina lako na anwani yako, na kwenye nafasi ya maelezo andika namba nzima ya akaunti ya kadi. Fanya hayo kabla hujatoka mlangoni, kwa sababu mani oda isiyo na jina la mlipwaji akiiokota mtu mwingine anaweza kujiandika yeye. Kile kipande unachobaki nacho ndicho shahidi wako. Mani oda ikipotea njiani, utakwenda nacho posta, utajaza Fomu 6401, nao wataifuatilia.

Hesabu pia siku. Sheria ya kadi ya mwaka 2009 inamtaka mkopeshaji akutumie bili angalau siku 21 kabla ya tarehe ya mwisho ya kulipa. Malipo ya posta yakifika anwani waliyoitaja kabla ya saa 11 jioni ya tarehe hiyo, yamefika kwa wakati, na kama tarehe yenyewe imeangukia Jumapili au sikukuu ambayo hawapokei barua, siku ya kazi inayofuata inahesabika. Angalia neno *kufika*. Watu waliozoea kutuma fomu za kodi wanajua kwamba kwa kodi muhuri wa posta unatosha. Kwa kadi muhuri haukusaidii. Mimi huwaambia watu watume siku kumi kabla, na wakati wa Krismasi mapema zaidi.

Mawakala wa kutuma pesa nao hupokea taslimu kwa ajili ya baadhi ya kadi, na baadhi ya wakopeshaji hukupa alama ya mistari kwenye simu ya kuonyesha kaunta ya duka. Ni njia nzuri ukiwa umechelewa. Piga kwanza namba iliyo nyuma ya kadi, uliza kama wanaikubali njia hiyo na malipo yataandikwa lini, kisha mwulize wakala ada yake.

Ila kama unalipwa taslimu kila wiki, na kila mwezi unazunguka hivi, nakusihi ufungue akaunti ya kawaida ya benki au ya chama cha akiba na mikopo. Taslimu ukiiweka kwa mkono wa keshia, kanuni zinataka uweze kuitumia kufikia siku ya kazi inayofuata, na ukilipa kadi kutoka kwenye akaunti hiyo kila kitu kinaandikwa chenyewe. Wengi hawaendi kwa sababu wameambiwa kwamba bila namba ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii, hakuna akaunti. Sheria haisemi hivyo. Mgeni anaweza kutambuliwa kwa namba ya mlipakodi, ile ya ITIN, au kwa pasipoti. Kila benki ina utaratibu wake, basi ukikataliwa ya kwanza jaribu ya pili.

Kuna hofu nyingine ambayo inawaingiza watu wema matatani. Watu wamesikia kwamba benki "inashtaki" kwa serikali. Ukweli ni kwamba, kwa sheria iliyoanza mwaka 1970, benki inajaza fomu ya taarifa pale mtu anapoweka au kutoa zaidi ya dola 10,000 taslimu katika siku moja. Anayeijaza ni benki, inahitaji kitambulisho chako, na pesa yako inaendelea kuwa yako. Posta nayo inataka ujaze fomu ukinunua mani oda za dola 3,000 au zaidi kwa siku moja. Bwana mmoja aliyeuza gari la mizigo kwa dola 12,000 taslimu, ili alipe kadi zake tatu, alishauriwa na rafiki azipeleke elfu nne-nne kwa siku tofauti ili fomu isijazwe. Nilimzuia kwa nguvu zangu zote. Kuigawa pesa kwa nia ya kuikwepa taarifa hiyo ni kosa la jinai peke yake, hata kama pesa imepatikana kwa jasho halali. Alikwenda nayo yote siku moja, akiwa na hati ya mauzo ya gari mkononi, na ilichukua muda mfupi kuliko foleni yenyewe.

Nirudi kwa mama yetu, maana yaliyomkuta baadaye ndiyo yanayowakatisha watu tamaa kuliko yote. Bili yake ilifungwa, yaani hesabu ya mwezi ilikatwa, tarehe 5 ikiwa na dola 1,840. Mani oda zake zikaandikwa kwenye akaunti tarehe 28, siku mbili kabla ya mwisho. Amelipa kila senti iliyoandikwa. Mwezi uliofuata ikaja bili ya karibu dola 28. Alikuja ameishika kwa vidole viwili kama kitu kichafu. "Hawa ni wezi," akasema, "na mimi siwalipi."

Nikachukua kalamu. Riba ya kadi yake ilikuwa asilimia 24 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365, halafu zidisha kwa 1,840: unapata dola 1.21 kila siku. Mtu anayelipa bili yote kila mwezi hapigwi riba hiyo kwa manunuzi yake, kwa sababu anapewa muda wa nafuu. Lakini mama alikuwa amebeba deni kutoka miezi ya nyuma, na anayebeba deni hupoteza muda huo; riba inahesabiwa kila siku mpaka pesa iandikwe. Kutoka tarehe 5 hadi 28 ni siku 23. Mara 1.21, ni kama dola 28. Hizo hazikuwemo kwenye bili ya kwanza kwa kuwa siku zenyewe zilikuwa hazijafika. Hakuna aliyemwibia, lakini pia hakuna aliyemwambia, na hilo ndilo linaloniuma.

Kwa hiyo unapotaka kumaliza deni lote ulilolibeba kutoka miezi ya nyuma, usilipe kiasi cha kwenye bili. Piga simu, sema unataka kiasi cha kumaliza deni kufikia tarehe fulani, na tarehe uwape ile ambayo mani oda itakuwa imefika. Na ile bili ndogo inayofuata usiitupe kwa hasira. Sheria inazuia ada ya kuchelewa kuzidi kiasi cha chini ulichotakiwa kulipa, kwa hiyo dola 28 zilizoachwa zinaweza kuwa 56. Zikipita siku 30 bila malipo, taarifa ya kuchelewa inaweza kupelekwa Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zinazotunza kumbukumbu za watu za kukopa na kulipa, nayo inaweza kukaa huko miaka saba.

Riba hiyohiyo ya kila siku inaweza kukufaa. Anayelipwa taslimu kila wiki hana haja ya kuirundika pesa kwenye kibubu hadi tarehe ya mwisho. Dola 100 zilizoandikwa wiki tatu mapema zinaacha kutozwa riba wiki tatu mapema. Jihadhari na jambo moja tu: malipo yaliyofika kabla bili mpya haijafungwa hayahesabiwi kuwa kiasi cha chini cha bili hiyo mpya. Bado utatakiwa kulipa angalau kiasi hicho kati ya kufungwa kwa bili na tarehe ya mwisho. Kiasi cha chini chenyewe kisikudanganye. Kwa kadi nyingi ni riba ya mwezi pamoja na asilimia 1 ya deni. Kwa dola 1,840 hiyo ni kama dola 55, na kati ya hizo karibu 37 ni riba.

Na kama umelipa, una kipande chako, lakini bili inasema hujalipa? Kupiga simu ni sawa, lakini simu peke yake hailindi haki yako. Andika barua ifike ndani ya siku 60 tangu bili yenye kosa ilipotumwa, na itume kwenye anwani ya malalamiko ya bili. Anwani hiyo kwa kawaida ni tofauti na ile ya kupokelea malipo. Barua nyingi hupotea kwa kosa hili. Ambatanisha nakala ya risiti, halisi baki nayo. Wanatakiwa kukujibu kwamba wameipata ndani ya siku 30, na kulimaliza suala ndani ya mizunguko miwili ya bili, isiyozidi siku 90. Kwa muda huo hawaruhusiwi kukuripoti kama mdaiwa sugu kwa kiasi kinachobishaniwa.

Mama alizilipa zile dola 28 kwa mani oda ya tatu. Vipande vyote vitatu vimo kwenye ile bahasha ya kaki, na mpira wa nywele bado unaifunga. Nimemwomba avitunze mpaka aone bili mbili mfululizo zenye salio la sifuri. Ya kwanza imeshafika.