Kimanchu si Kichina kilichoandikwa wima

Wageni wa kasri la wafalme mjini Beijing huona vibao vya milangoni vyenye maandishi mawili, wakadhani yote ni Kichina. Sivyo. Ile safu yenye meno kama ya msumeno ni Kimanchu, lugha ya Kitungusi, jamii ya lugha za Siberia na kaskazini-mashariki mwa China, iliyobaki vinywani mwa wazee wachache. Na ni alfabeti hasa. Mwaka 1599 Nurhaci, mwanzilishi wa dola ya Wamanchu, aliagiza herufi za Kimongolia zitumike, lakini zilipwaya: g na h ziliandikwa sawa, hivyo aga, yaani mvua, na aha, mtumwa, hayakutofautiana. Mwaka 1632 msomi Dahai akatia nukta kwa g, kiduara kwa h. Ukifuata nasaba ya herufi hizo unafika Kiaramu, mwandiko wa kale wa Mashariki ya Kati, babu pia wa herufi za Kiarabu zilizoandikia tenzi zetu.