Sola haili joto, inakula mwanga

Tangu ule mgao wa umeme wa 2023 watu wengi wameanza kufikiria kufunga sola nyumbani, ila huku Njombe na Makete bado nasikia ile kauli ya zamani kwamba sola ni ya Dodoma na Dar kwenye joto, sisi wa baridi tutapoteza hela bure. Jamani si kweli.

Paneli inazalisha umeme kwa mwanga, joto kwake ni hasara kabisa. Zile wati zilizoandikwa nyuma zimepimwa paneli ikiwa na nyuzi 25, na kila nyuzi moja ikizidi hapo paneli nyingi zinapoteza kama asilimia 0.3 hadi 0.4, sasa juu ya bati saa saba mchana paneli inafika nyuzi 60 bila shida, kwahiyo ile ya wati 300 inakupa kama 260 tu hata jua liwe kali vipi. Ndo maana fundi mzuri anaacha nafasi ya hewa kati ya bati na paneli, msimruhusu ailaze moja kwa moja.

Kinachotusumbua kweli huku ni ukungu na mawingu, siku nzito uzalishaji unaweza kushuka mpaka robo au chini yake, lakini hiyo dawa yake ni kuongeza paneli na kuchukua betri ya kutosha. Na zielekee kaskazini, maana tupo kusini mwa ikweta na Juni jua linapita upande huo.